Mikono Themanini

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipoanza kuwaandikia watu barua. Kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kwa mguu kutoka Kinyangiri, wanawake waliojua kuandika tulikuwa wawili, na mwenzangu alipoolewa akahamia Singida mjini nikabaki peke yangu. Nilisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na wanawake wengi walikuwa na waume walio mbali, kwa hiyo kalamu yangu haikukauka.

Mume wangu naye alikuwa mbali. Alikwenda manamba, kama tulivyoita enzi zile: kukata mkonge kwenye mashamba ya Tanga kwa mkataba. Aliniaga akisema ni mwaka mmoja. Sasa ulikuwa wa tatu. Niliishi na mama yake na binti yetu mdogo, na jirani yetu wa karibu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

Shida yetu kubwa ilikuwa maji. Masika korongo lilijaa na kelele zake tulizisikia nyumbani, lakini mwezi wa sita ukifika ulibaki mchanga mweupe mtupu. Hapo tulichimba. Unachimba, unakaa kando ya shimo kungoja maji yachuruzike, unateka kwa kibuyu kidogo kidogo hadi mtungi ujae. Kadiri kiangazi kilivyosonga ndivyo shimo lilivyozama, na kufika mwezi wa kumi mtu aliyesimama ndani hakuonekana kichwa. Tulikuwa tukiondoka alfajiri na kurudi saa nne, na jioni tunakwenda tena. Mimba zangu mbili, kabla mume wangu hajaondoka, ziliharibika nikiwa njiani na mtungi kichwani. Sikuwa peke yangu katika hilo, na wala hatukulizungumza sana.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Kila mkutano tuliambiwa kwamba sasa mambo ya kijiji ni yetu wenyewe, na tuliamini. Siku moja akaja Bwana Maendeleo, kama tulivyomwita afisa wa maendeleo wa wilaya, kwa baiskeli, pamoja na fundi wa kupima ardhi. Wakazunguka bondeni siku mbili, wakachomeka vigingi, wakasema pale panafaa lambo. Tuta la udongo likijengwa kati ya vilima viwili vinavyolibana bonde, maji ya masika yangekaa mpaka masika mengine. Na bonde lile lilikuwa karibu. Kutoka mlangoni kwangu ningeweza kwenda na kurudi kabla uji haujachemka.

Wiki iliyofuata tuliitwa mkutanoni uwanja wa shule. Bwana Maendeleo alikuwa na karani wa kodi kutoka bomani, kijana mpole aliyevaa miwani, amebeba daftari kubwa lenye jalada jeusi. Bwana Maendeleo alieleza bila kuficha kitu.

"Halmashauri haina fedha ya lambo," alisema. "Itakopa serikalini. Mkopo mtaurudisha ninyi. Kila mlipa kodi wa hapa ataongezewa kidogo kwenye kodi yake, kwa miaka mitano. Sasa, kwa kuwa deni litawahusu wote, halmashauri haiwezi kukopa mpaka theluthi mbili ya walipa kodi wakubali mbele ya karani, jina kwa jina, kwa kunyoosha mkono."

Watu wakapiga makofi. Wengine wakanyoosha mikono palepale. Karani akawaomba waishushe kwanza.

"Theluthi mbili si ya waliopo hapa," alisema. "Ni ya walioandikwa humu. Majina ni mia moja na ishirini. Inatakiwa mikono themanini."

Mwenyekiti wa kijiji, mzee aliyewahi kuwa askari, aliangalia watu waliokaa mbele yake. Aliwajua wote. "Wanaume waliopo kijijini ni sabini na watano," alisema. "Waliobaki wako manamba na mijini. Na wanne wamekufa."

"Bado wamo daftarini," karani alijibu.

"Waliokufa?"

"Majina hufutwa daftari linapoandikwa upya, mzee. Siwezi kuyafuta leo."

"Kwa hiyo marehemu wanakataa lambo."

Watu walicheka. Karani hakucheka. "Mimi siandiki kwamba amekataa," alisema. "Naandika tu kwamba hakunyoosha mkono."

Sisi wanawake tulikuwa tumekaa pembeni chini ya ukuta wa darasa. Mjane mmoja, mtu mzima, akasimama akauliza kama wanawake nao wangehesabiwa, maana maji tunabeba sisi. Karani alimjibu kwa heshima. Alimwambia, "Shikamoo mama. Wewe hulipi kodi, kwa hiyo jina lako halimo." Mjane akamwitikia marahaba, akakaa chini. Nakumbuka alivyokaa, taratibu, akijishika goti.

Bwana Maendeleo aliona kimya kilichoingia. Akasema hesabu haitafanyika siku ile. Angerudi baada ya mavuno, miezi mitatu baadaye, na ndani ya muda huo tuwaite watu wetu walioko mbali. Ni haki yao kuja, alisema. Mtu akifika siku ile na kunyoosha mkono, atahesabiwa.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Kabla sijafika nyumbani wanawake watatu walikuwa wananifuata.

Niliandika barua ishirini na tatu. Niliandikia uani, kwenye kinu kilichopinduliwa, na mama mkwe wangu akawapokea wageni na kuwakalisha kwenye ngozi kama vile tuna ofisi. Kila mwanamke alikuwa na maneno yake. Mmoja alitaka nimtukane mumewe kwanza ndipo nimwombe aje. Mwingine alikuwa hajasikia habari za mumewe kwa miaka sita. Alinitajia jina la shamba la mkonge alilolisikia mara moja tu, nasi tukaandika hilohilo juu ya bahasha. Mwingine hakutaka mumewe arudi kabisa. Alikuwa akimpiga. Nilimshawishi.

"Ni siku moja tu," nilimwambia. "Anyooshe mkono, aondoke."

"Na akibaki?"

"Hatabaki. Kazi yake iko kule."

Akakubali kwa sababu yangu. Na wengi wao waliuza mbuzi kutuma nauli kwa sababu yangu pia, maana niliwaambia mtu hawezi kuja bila nauli, na mbuzi atapatikana tena lakini lambo halitapatikana tena. Nilisema hivyo mara nyingi. Niliona ni maneno mazuri.

Barua ya mume wangu sikuiandika. Siku zilipita nikisema nitaiandika kesho. Mwishowe mama mkwe alinikalia mbele.

"Unaandikia waume za watu," alisema. "Mwanangu umemwachia nani?"

"Atakuja, mama? Barua mbili za mwisho hakujibu."

"Andika. Nauli nitatoa mimi."

Alikuwa na mbuzi jike mmoja na ndama. Alimtoa mbuzi. Nikaandika. Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake amezeeka na macho yake yameanza kufifia. Nikamwambia binti yake ana miaka sita na tayari ana kibuyu chake cha kubebea maji. Nikamwambia sitaki nguo wala sukari, nataka mkono wake kwa siku moja tu, na baada ya hapo arudi kazini akipenda. Nilipomsomea mama mkwe alisema imetosha, niifunge.

Mavuno yakaingia, majibu yakaanza kuja. Barua nne zilirudi zilivyokwenda, zimeandikwa juu kwamba mtu huyo hajulikani. Nyingine ilijibiwa na mnyapara wa shamba: mwenye jina hilo alifariki kwa homa mwaka uliopita na alizikwa hukohuko. Nilimsomea mkewe maneno hayo mimi mwenyewe, uani kwangu, mbele ya wenzake waliokuja kusikiliza zao. Marehemu wetu wanne wakawa watano, na wote bado waliandikwa daftarini.

Lakini kumi na wawili walikuja. Walikuja kwa treni hadi Manyoni, wakapanda basi na malori ya mizigo, wakamalizia kwa miguu. Yule aliyekuwa akimpiga mkewe alikuja. Yule aliyepotea kwa miaka sita hakuja. Mwenyekiti alipita nyumba kwa nyumba na kipande cha mkaa, akawa anahesabu kwenye ubao wa mlango wake: waliokuwepo sabini na watano, waliokuja kumi na wawili, jumla themanini na saba. Kati ya hao, watu saba wenye ng'ombe wengi walikuwa wamesema wazi tangu mwanzo kwamba hawataki. Walikuwa na visima vyao vya mifugo huko bondeni chini na hawakuona kwa nini walipie maji ya wengine. Hawakuficha na hatukuwachukia. Themanini na saba ukitoa saba, inabaki themanini. Mwenyekiti aliirudia hesabu ile mpaka watoto wakaijua.

Mume wangu alikuwa miongoni mwa wale kumi na wawili. Alifika siku tano kabla ya mkutano, akiwa na sanduku la bati na suruali yenye mkunjo wa pasi. Nilikwenda kumpokea njia kuu na binti yetu. Mtoto alimtazama, akapiga goti kidogo kama nilivyomfunza.

"Shikamoo mjomba," alisema.

Alicheka, akamwinua. "Mimi baba yako," alimwambia. Mtoto alinitazama mimi, kama anaomba nithibitishe.

Siku zile tano zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Alimletea mama yake kanga. Alitengeneza paa lililokuwa linavuja. Asubuhi moja alinifuata korongoni, akashuka mwenyewe kwenye shimo, akateka, na alipopanda juu mchanga umemjaa shingoni alisema, "Hii siyo kazi ya binadamu." Akanisimulia kwamba kambini kwao kuna bomba, unafungua tu. Nilisikia maneno yale nikaona moyo wangu unatulia. Nilidhani mtu akishaona kwa macho yake amekwisha kuamua.

Siku moja kabla ya mkutano, jioni, alikuwa amekaa anabangua karanga na mdogo wake. Nikamwuliza waziwazi.

"Baba watoto, kesho utanyoosha mkono?"

"Tutaona kesho," alisema.

"Tutaona nini?"

"Mambo ya mkutano yanasemwa mkutanoni."

Shemeji yangu akacheka, akasema, "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Mimi wangu nimeshaunyoosha tangu juzi." Nikacheka naye. Nikaingia jikoni kusonga ugali.

Siku ya mkutano uwanja wa shule ulijaa kuliko sikukuu. Hata wagonjwa walibebwa. Karani aliweka meza katikati, akafungua daftari, akaeleza tena utaratibu: atasoma jina, mtu atasimama, akikubali atanyoosha mkono, yeye ataweka alama. Asiyekubali atabaki kasimama bila kunyoosha. Asiyekuwepo atapitwa.

Akaanza kusoma. Majina ya marehemu aliyasoma pia, na kila alipofika kwenye jina la mmoja wao uwanja ulinyamaza, naye alisubiri kidogo, kama kwamba kungekuwa na jibu. Mke wa yule aliyefia Tanga alijifunika uso kwa kanga jina la mumewe liliposomwa.

Mikono ilikwenda vizuri. Mwenyekiti alikuwa anahesabu kwa vidole mgongoni mwake. Wenye ng'ombe wale, kila mmoja alisimama na fimbo yake akakaa, kama walivyosema. Halafu likasomwa jina la mume wangu.

Alisimama. Alikuwa amevaa suruali ileile ya mkunjo. Alifunga mikono kifuani akatazama mbele, pale kwenye meza, hakugeuka upande wetu. Nilidhani hakusikia. Karani naye labda alidhani hivyo, maana alisoma jina mara ya pili. Mume wangu akasema, "Nimesikia." Akakaa.

Jina lililofuata lilikuwa la mdogo wake. Walijiandikisha siku moja, kwa hiyo walifuatana. Shemeji yangu alisimama nusu, mkono wake wa kulia umeanza kuinuka, kisha akamtazama kaka yake. Mkono ukashuka ukashika kola ya shati. Akakaa naye.

Kazi iliendelea hadi jina la mwisho, na mimi sikusikia majina mengine. Karani alihesabu alama zake mara mbili kwa ncha ya kalamu.

"Sabini na nane," alisema.

Bwana Maendeleo alisimama. Akasema kabla daftari halijafungwa, kama kuna mtu anataka kubadili, abadili. Watu wote wakageuka kumtazama mume wangu. Mwenyekiti akamwendea mpaka pale alipokaa.

"Kijana," alisema, "mama yako yule pale. Mkeo yule pale. Una neno gani?"

Mume wangu akasimama kwa heshima. "Shikamoo mzee," alisema. "Sina neno baya. Ila mimi maisha yangu yako Tanga sasa. Nina mke kule na watoto wawili. Kodi ikiongezwa hapa nitalipa mimi, na maji watakunywa wengine."

"Wengine," alisema mwenyekiti. "Mama yako ni wengine?"

Mume wangu akakaa. Mwenyekiti akamgeukia mdogo wake. "Na wewe?"

"Mimi namfuata kaka," shemeji alisema, akiwa ameinamisha kichwa.

Bwana Maendeleo alisubiri kidogo tena. Kisha karani akafunga daftari, na mkutano ukaisha bila mtu kuufunga.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nina mke mwenza: uwanjani, pamoja na kijiji kizima. Lakini ukiniuliza leo, si hilo lililoniumiza siku ile. Nilikuwa nawatazama wanawake niliowaandikia. Walikuwa wanainuka mmoja mmoja, wanakung'uta kanga zao, wanashika njia. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenitazama. Waume zao wote waliokuja walinyoosha mikono, kumi na mmoja, hata yule mpigaji. Ni wangu tu.

Nyumbani nilimkuta anapanga nguo sandukuni.

"Kwa nini ulikuja?" nilimwuliza.

"Uliniita. Mlituma nauli."

"Nilikueleza ninakuitia nini."

"Nilitaka kumwona mama." Akafunga sanduku. "Na wewe pia. Usifikiri mimi ni mtu mbaya. Ningenyoosha, halafu nisilipe, ndiyo ungefurahi?"

Jibu lake nimelitafuta miaka mingi. Ningemwambia ndiyo, ningefurahi, ungenyoosha tu na tungelipa wengine, ningeuza nywele zangu nikulipie. Badala yake nilikwenda kuchota maji, kwa sababu saa yake ilikuwa imefika.

Aliondoka siku ya tatu. Mama yake alikataa kumsindikiza. Alikaa mlangoni na kanga aliyomletea ameikunja mapajani, na mwanawe alipoinama kumuaga, aliitikia "marahaba" bila kuinua uso.

Fedha za mkopo wa mwaka ule zilikwenda tarafa nyingine, ambako walifikisha theluthi mbili yao. Nasikia lambo lao lilijengwa na likajaa masika ya kwanza. Bwana Maendeleo alituahidi kwamba tunaweza kuomba tena, ila alihamishwa, na aliyekuja baada yake alikuwa na mambo mengine. Vigingi vya bondeni waliving'oa wachungaji wakapikia.

Kisha yakaanza kurudi matokeo ya barua zangu. Wanaume watano kati ya waliokuja walipofika kule mkonge walikuta nafasi zao zimejazwa. Walirudi nyumbani mikono mitupu. Mke wa mmoja wao alinikuta korongoni, tukiwa mimi na yeye tu, kila mmoja na shimo lake.

"Mume wangu kapoteza kazi kwa maneno yako," alisema.

"Ni kweli," nilimwambia.

"Na mbuzi."

"Ni kweli."

Akaendelea kuteka. Nadhani alitaka nibishe. Kuhusu yule mpigaji, yeye hakurudi Tanga kabisa. Alibaki, kama mkewe alivyohofia, na mwaka uliofuata yule mwanamke alipita mbele ya nyumba yangu mkono wake umefungwa kwa vijiti. Nilitoka kumsalimia. Aliitikia, akapita. Tangu siku ya mkutano ule hakuna mtu aliyeniletea barua ya kuandika. Mtu aliyetaka kuandika alikwenda kwa mwalimu.

Kiangazi hicho mama mkwe alianza kwenda korongoni. Nilimkataza. Macho yake yalikuwa mabovu na magoti yake hayakumruhusu kushuka shimoni.

"Aliyekataa ni mwanangu," alinijibu. "Niache."

Nilimficha mtungi, akachukua debe. Alitoka baada yangu, alirudi jua la saa sita, amebeba maji ya kunawa uso tu, mengine yamemwagika njiani. Wanawake walimpisha, naye alikuwa anawaamkia hata waliokuwa wadogo kwake, jambo lililotuaibisha sote. Mwezi wa kumi na moja ukingo wa shimo ulimomonyoka akiwa ameinama juu yake. Hakufukiwa, alianguka tu ndani, mchanga ukamfika kiunoni, na wakamtoa upesi. Lakini nyonga ilikuwa imevunjika. Alilala siku kumi na tisa. Siku za mwisho alikuwa anaomba maji na nikimpa hanywi, anasema nimwekee mtoto.

Nilituma simu ya maandishi Tanga kutoka Singida. Mume wangu hakuja msibani. Wanawake walikuja, wote, kila mmoja na mtungi wake, maana maiti huoshwa na watu hupikiwa. Walijaza mapipa yangu, wakafanya kila kazi ya msiba vizuri, na jioni ya tatu wakaenda makwao. Walisema na mimi yaliyohusu kazi tu: chumvi iko wapi, mkeka uwekwe wapi.

Bila mama mkwe sikuweza peke yangu shamba na maji. Binti yangu alikuwa amemaliza darasa la kwanza. Nikamtoa shule. Mwalimu alikuja kunigombeza, nikamwonyesha mitungi. Niliona aibu zaidi alipoacha kunigombeza.

Miaka ikapita namna hiyo. Kodi ya kichwa ikafutwa, tukatangaziwa mkutanoni, na watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nawaza lile daftari, na karani yule na miwani yake, na kwamba sasa hakuna jina lililomo wala lisilomo. Shemeji yangu alikuwa amesimama karibu yangu. Tulikuwa hatujawahi kulizungumza lile la siku ya hesabu.

"Shemeji," alisema polepole, "ningenyooshaje, na kaka amekunja?"

"Hata ungenyoosha tungekuwa na sabini na tisa," nilimwambia.

Nilisema hivyo kumpunguzia. Nadhani hakupunguziwa. Alikunywa pombe sana miaka yake ya mwisho, na alikuwa akikumbushwa jambo hilo kila alipokosana na mtu.

Kisha ikaja habari ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Waliokuja kutuambia walikuwa watu wengi, na gari. Walisema tunaishi kwa kutawanyika, ndiyo maana serikali inashindwa kutuletea maji, shule na dawa. Tukihamia kando ya barabara kuu, tutapata vyote. Mmoja wao akasema wanaokubali wanyooshe mikono. Watu walinyoosha, wanaume na wanawake, hata watoto. Niliunyoosha wangu pia, na ulikuwa mzito, maana ilikuwa mara ya kwanza maishani kuombwa mkono wangu mkutanoni. Nilitazama mbele nione nani anahesabu. Hakuna aliyehesabu. Yule bwana alisema asanteni, akapanda gari, na malori yalikuja mwezi uliofuata.

Tulipakia milango, mawe ya kusagia na kuku. Nyumba ziliezuliwa ili mtu asirudi. Kule barabarani tulipewa viwanja vilivyopimwa kwa kamba, mstari baada ya mstari, na katikati palikuwa na bomba la chuma limesimama kwenye saruji mpya. Mashine yake ilifanya kazi miezi minne. Ilipokufa, fundi alisema kipuri kinatoka mbali, na tukakisubiri.

Tulipochoka kusubiri tulirudi korongoni. Hapakuwa na pengine. Kutoka mahali papya lilikuwa mbali zaidi, karibu mara mbili, na ilibidi kuvuka mashamba yetu ya zamani yaliyoota miiba. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na sita wakati huo. Alibeba madebe mawili bila kulalamika, na siku moja aliyatua mlangoni akaniambia kuna mtu wa Manyoni, anafanya kazi stesheni, amemposa kupitia kwa wajomba. Ana umri mkubwa, alisema, na amefiwa na mke.

"Unampenda?" nilimwuliza.

"Nyumba yake ina bomba," alisema.

Sikumzuia. Alipoondoka nilimpa kanga mbili na ndoo mpya, kisha nikachukua mtungi wangu nikafuata wenzangu ambao walikuwa wameshatangulia.